Probox 1NZ-FE: hita inatoa uvuguvugu tu, kioo cha mbele kinashika ukungu

Kibena_Juu

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijamruhusu fundi afungue dashibodi.

Gari ni Toyota Probox ya 2008, injini 1NZ-FE, gia otomatiki. Imetumika Dar muda mrefu, sasa inapiga kazi Njombe mjini na safari za Makete. Mwezi huu wa saba baridi ni kali, kule juu Kitulo asubuhi unakuta sakitu kwenye majani. Hita ndiyo inayonishinda.

Nikiwasha na kuondoka, hewa inatoka baridi kwa muda mrefu, baadaye uvuguvugu. Nikipanda mlima inapata joto la kueleweka, nikianza kushuka inarudi kuwa baridi. Feni ya hita inapuliza vizuri spidi zote. Kitufe cha joto nimekizungusha mpaka mwisho. Maji hayapungui, ila ndani ya rejeta ni maji matupu, rangi ya chai. Mpira wa juu wa rejeta unaanza kupata joto mapema tu baada ya kuwasha. Pia naona inakula mafuta kuliko Probox nyingine za hapa kijiweni.

Fundi anasema rejeta ndogo ya hita imeziba, dashibodi yote itoke. Kuna kitu cha kupima kwanza?

---

Spana_Kumi

Mkuu, mzuie kwanza. Kufungua dashibodi ya Probox ni kazi ya siku nzima, klipu zinavunjika, na baada ya hapo inapiga kelele barabara nzima. Iwe hatua ya mwisho.

Hita haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la maji ya injini. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: maji ya injini yako yana joto kiasi gani? Wewe umesema joto linakuja ukipanda na kupotea ukishuka. Injini ikibeba mzigo maji yanapata moto, ikipumzika kwenye mteremko upepo wa mbele unayapoza. Injini isiyo na tatizo haifanyi hivyo. Ikishafika joto lake inabaki hapo hapo, upande au ushuke, kwa sababu themostati inafunga njia ya rejeta pale maji yanapoanza kupoa. Gari yako imetoka Dar, na kule themostati nyingi zilishang'olewa na kutupwa. Naamini yako haipo, au ipo lakini imekwama wazi.

Namna ya kuthibitisha bila kufungua kitu: injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, washa na uiache sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta. Usishike mpira wa juu, shika wa CHINI. Kwenye 1NZ themostati imekaa upande ambao maji yanaingia injini, yaani unapofika mpira wa chini. Mpira wa juu unaweza kupata joto hata themostati ikiwa nzima na imefunga, maana umeunganishwa moja kwa moja na maji ya moto ya injini. Wengi wanadanganyika hapo. Mpira wa chini ndio unaosema kweli: themostati ikiwepo, unabaki baridi mpaka maji yafike karibu nyuzi 82, kisha joto linaingia ghafla. Mpira huo ukipata joto taratibu pamoja na wa juu tangu mwanzo, hakuna kinachozuia maji.

Pili, pata namba. Kifaa cha ELM327, kinachosoma kompyuta ya gari, ukikichomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia gari) pamoja na programu ya simu kitakuonyesha joto la maji. Baadhi ya gari za soko la Japani zinagoma kuunganishwa na programu hizi; zikigoma, tumia kipimajoto cha miale, ila elekeza kwenye mpira au bandika utepe mweusi wa umeme kwanza, kwa sababu alumini inayong'aa inatoa namba ya uongo. Endesha barabara ya kawaida dakika 20. Injini isiyo na tatizo itasoma kati ya 82 na 92. Ukiona 55 au 65, hita haina kosa lolote, imekosa cha kukupa.

Hilo la mafuta nalo linaingia hapa hapa. Sensa ya maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, kompyuta inaongeza petroli muda wote. Petroli ya ziada inapenya kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Kwa hiyo hata anayevumilia baridi asiiache hivyo.

---

Kinangop_Juu

Niongezee kwa @Spana_Kumi, na hapo kwa panda-shuka nimrekebishe kidogo. Rejeta ndogo iliyoziba nusu nayo hutoa joto gari ikipanda na kupoa ikishuka, kwa sababu ukipanda injini inazunguka haraka na pampu inasukuma maji kwa nguvu zaidi. Kwa hivyo dalili hiyo peke yake haitenganishi mambo haya mawili. Kinachotenganisha ni mipira miwili ya hita, ile myembamba inayopita ukuta wa injini kuingia ndani ya gari.

Injini ikishapata moto, hita kwenye joto la juu, feni mwisho, pima mipira yote miwili karibu na ukuta.

Yote miwili ikiwa vuguvugu, injini haijafika joto lake. Ni themostati.

Mmoja moto sana na mwingine umepoa, maji yanapita kidogo mno: rejeta ndogo imeziba au ina hewa ndani. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida feni ikiwa mwisho. Ikizidi 30 kuna shida ya mzunguko.

Yote miwili moto mkali lakini hewa ya ndani baridi, usiguse upande wa maji. Tafuta mlango wa kuchanganya hewa ya moto na ya baridi, ndani ya dashibodi. Kwenye gari zenye vitufe vya kuzungusha unavutwa na kebo, na kebo hiyo huchomoka kwenye klipu yake. Zungusha kitufe kutoka baridi hadi moto huku feni imezimwa. Unatakiwa usikie mlango ukigonga mwisho kila upande. Kitufe kikizunguka kwa ulaini bila mguso wowote, kebo imetoka, na inarudishwa kwa mkono ukilala chini ya dashibodi.

Yote miwili baridi huku injini ni moto, maji yamepungua au kuna hewa nyingi. Na fuata mipira hiyo kwa macho mpaka mwisho wake! Gari zilizokaa Pwani unaweza kukuta imeunganishwa mmoja kwa mwingine kwa kipande cha bomba, hita imerukwa kabisa kwa sababu rejeta ndogo ilivuja na hakuna aliyeihitaji. Gari za kutoka Mombasa kuja huku kwetu zina mambo hayo hayo.

---

Kibena_Juu

Shukrani sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Mpira wa chini ulipata joto taratibu sambamba na wa juu, tangu mwanzo. ELM imekubali. Barabara tambarare inasoma 58 hadi 62, mlimani ilifika 74, mteremko mrefu ikashuka 51. Mipira ya hita haikurukwa, na yote miwili ni vuguvugu.

Tumefungua mahali mpira wa chini unapoingia injini: hakuna themostati, kuna gasketi yake tu. Fundi anasema nikiirudisha gari itachemsha, ndiyo maana ilitolewa. Ninunue ipi, na hofu yake ina msingi?

---

Spana_Kumi

Hofu yake ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo isidharauliwe. Themostati haitolewi gari ikiwa haina tatizo. Mtu aliitoa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha, na chanzo huenda bado kipo, kimefichwa tu na maji kukimbia ovyo. Baridi ya Njombe nayo inakificha. Kwa hiyo kabla ya kufunga mpya kagua mambo manne.

Feni ya rejeta: washa AC, feni ianze kuzunguka. Kisha zima AC, acha injini ipande joto ikiwa imesimama. Karibu nyuzi 95 inatakiwa iwake yenyewe. Bila themostati huenda isifike huko, ndiyo maana kipimo hiki unakirudia baada ya kufunga.

Rejeta kubwa: ikiwa moto, pitisha kipimajoto kutoka upande hadi upande. Sehemu iliyopoa katikati ya zenye moto ni mirija iliyoziba. Kwa maji ya rangi ya chai nategemea ukute.

Mfuniko wa rejeta: soma namba yake. Za Toyota nyingi zimeandikwa 88 au 108, hizo ni kilopaskali. Raba ikiwa imepasuka au springi imelegea, badilisha. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 93 tu. Mfuniko mzima wa 108 unaisogeza hiyo hadi juu ya 115. Huko kwenu mfuniko mbovu ni hatari kuliko Dar.

Gasketi ya silinda hedi: kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, kikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mapovu yasiyoisha na mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi ni dalili ile ile. Ukikuta hivyo, simama hapo, hita isubiri.

Nusu isiyo kweli ni kwamba kutoa themostati kunaiponya injini. Themostati ya 1NZ ina sahani ya pili kwa chini. Ikishafunguka, sahani hiyo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote: asubuhi injini haipati joto, na siku ya mzigo mzito sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Umepoteza pande zote mbili.

Nunua iliyopigwa chapa 82 kwenye chuma chake. Usikubali ya 76, utabaki unalalamika baridi. Isiyo na namba yoyote iache dukani. Hakikisha ina sahani ya chini na kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wake, hicho ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza maji.

Ijaribu jikoni kabla ya kuifunga. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse kitako, pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Kitabu cha Toyota kinataka ifunguke milimita 8.5 au zaidi maji yakiwa 95, lakini sufuria ya wazi ya Njombe haifiki 95, kwa hiyo usiitupe ukiona haijafika kipimo hicho. Wewe hakikisha inaanza mahali pake, imefunguka vya kutosha maji yakitokota, na ikipoa inafunga bila kuacha upenyo.

Kufunga: toa waya hasi wa betri, mwaga maji injini ikiwa ya baridi. Alteneta ikibana, itoe, usilazimishe spana. Gasketi mpya inavaa kuzunguka ukingo wa themostati, haihitaji silikoni. Kile kipini kikae JUU kabisa. Nati mbili za namba 10 zinakazwa Nm 9 tu. Nyumba ya themostati ni alumini, ukivuta kwa nguvu utang'oa au utapinda.

Kujaza: mfumo wote unachukua karibu lita 5. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini, yasiyoleta kutu wala kuganda) ya Toyota ya waridi ambayo imeshachanganywa, usiiongezee maji. Ukipata ile nzito ya kuchanganya mwenyewe, nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kijani ya bei ya chini mengi ni rangi tu. Na kwa anayelala Makete, maji matupu yakiganda usiku yanapasua rejeta.

Paki pua ikitazama mlima, hita kwenye moto. Mimina polepole huku msaidizi anaminya mpira wa juu na wa chini mara kadhaa. Washa, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, funga mfuniko, shikilia mizunguko 2,000 kwa dakika mpaka mpira wa chini uwe moto na feni iwake. Zima. Ipoe KABISA ndipo ufungue mfuniko na kuongeza. Ukisikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta, hewa bado ipo, rudia.

---

Hiace_Mafinga

Kwa wenye Hiace za dizeli, injini za 3L na 5L, ongezeni kitu kimoja. Nyingi zina koki ya maji ya hita inayovutwa na kebo, ipo kwenye mpira wa hita. Inashika kutu na kubaki nusu imefungwa, au kebo inakatika. Ishike kwa mkono uone kama mkono wake unasogea mwanzo hadi mwisho. Halafu msitegemee dizeli ipate moto ikiwa sailensa. Dizeli isiyo na mzigo inazalisha joto dogo sana, kuunguruma nusu saa kituoni asubuhi ni kupoteza mafuta. Ondoka taratibu, itapata moto barabarani.

Na wale wanaoziba rejeta kwa boksi ili injini ipate joto: ziba nusu tu, kwa safari ya siku moja mkisubiri spea, na litoeni kabla ya mlima.

---

Kibena_Juu

Themostati ya 82 imefungwa. Feni inawaka, mfuniko mpya, kipimo cha bluu hakikubadilika rangi. Rejeta kubwa ilikuwa na sehemu zilizopoa, imesafishwa. Sasa maji yanakaa 84 hadi 88 panda-shuka, na ulaji wa mafuta unaonekana kushuka.

Barabarani hita ni nzuri. Shida ni nikisimama: dakika chache tu hewa inapoa, japo injini bado inasoma 86. Mpira mmoja wa hita 80, mwingine 43, feni mwisho. Hewa nimeitoa mara mbili, hakuna kububujika.

---

Kinangop_Juu

Tofauti ya 37, na haibubujiki. Sasa ndiyo rejeta ndogo. Kutu ya yale maji ya chai imekaa kwenye mirija yake; pampu ikizunguka haraka inalazimisha maji kupita, ikiwa sailensa haiwezi. Fundi wako hakukosea kuihisi, ila isingekusaidia kabla ya themostati. Na inasafishwa bila kufungua dashibodi.

Injini baridi. Toa mipira yote miwili upande wa injini. Usiivute kwa nguvu kwenye ukuta, vibomba vya rejeta ndogo ni laini na vikipinda ndipo dashibodi itatoka kweli. Mpira uliogandamana ukate kwa urefu, ununue mpya. Unganisha mpira wa bustani kwenye njia ya KUTOKEA, ile iliyokuwa 43, ili maji yasukume uchafu kurudi ulikoingilia. Fungua bomba kidogo, acha yatirike kwenye ndoo mpaka yatoke meupe, kisha geuza upande, kisha rudi tena. Usitumie upepo wa kompresa ya gereji. Ile inapasua mirija, na utajua kwa zulia la abiria kulowa.

Maji yakitoka meupe lakini bado yanapita kwa unyonge, yeyusha gramu 50 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji ya moto kiasi, jaza rejeta ndogo kwa faneli, acha dakika 20 hadi 30, suuza kwa maji mengi. Soda kali ya kuzibulia mabomba usiiguse, inakula alumini. Asidi ya betri vivyo hivyo.

Kipimo cha kumaliza ni mtiririko: kinachoingia kitoke kwa wingi ule ule. Rudisha mipira, klipu mpya kama za zamani zimelegea, jaza kulanti na toa hewa kama alivyoeleza Spana_Kumi. Kulanti uliyomwaga kingia kwenye chombo safi uichuje kwa kitambaa. Ikiwa imeshageuka rangi weka mpya, kwa sababu kutu iliyobaki ndani ya injini itaendelea kutoka. Baada ya wiki chache za matumizi fungua mfuniko injini ikiwa baridi na utazame rangi. Ikianza kuwa kahawia, mwaga na ujaze tena.

---

Spana_Kumi

Naunga mkono. Nimalizie suala la ukungu kwenye kioo maana ndilo lililo kwenye kichwa cha mada.

Watu wengi wakisikia baridi wanafunga hewa ya nje ili joto lisitoke. Pumzi na nguo zenye unyevu zinazunguka humo humo, kioo kinazidi kuziba. Fungua hewa ya nje, elekeza kwenye kioo, weka moto, na uwashe AC pamoja na hita. AC inakausha hewa, kisha hita inaipasha. Kukiwa na baridi ya kukaribia sifuri kompresa inaweza isishike, hiyo ni kawaida. Angalia pia nyuma ya boksi la mbele ya abiria kama kuna kichujio cha hewa. Kilichojaa vumbi la barabara za Makete kinanyima kioo hewa hata feni ikiwa mwisho.

Kioo kikibaki na utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, na ndani kuna harufu tamu, huo si unyevu wa pumzi. Ni kulanti inayovuja kwenye rejeta ndogo. Hapo usafishaji hautasaidia na dawa za kuziba matundu zitaziba mirija iliyobaki. Nunua rejeta ndogo nyingine, na hapo sasa fundi afungue dashibodi.